Barua ya wazi: Kabla ya msimu mwingine wa salfa, tupigieni hesabu ya udongo

Kwa: Wote wenye dhamana ya kilimo, korosho na mazingira katika mikoa ya Mtwara na Lindi

Kuh: Modeli ya asidi inayotoka hewani na kuingia ardhini

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Newala. Mimi ni mkulima wa korosho, na kabla ya kustaafu nilifundisha kemia sekondari. Barua za malalamiko mnapokea nyingi, kwa hiyo yangu naianza na hesabu.

Ekari moja ya mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inachukua miti 28 hivi. Ushauri ambao wengi wetu tumekua nao ni gramu 250 za salfa ya unga, dawa ya ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiriunga, kwa mti kwa kila mpulizo, mara tano kwa msimu, wiki mbili kati ya mpulizo na mpulizo. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti, na kilo 35 kwa ekari. Tukipima kwa hekta, kama wataalamu wapendavyo, inakuwa kilo 86 kwa mwaka. Shamba lililofuata ushauri huo bila kuruka msimu tangu 1990 limekwishapokea tani tatu za salfa kwa kila hekta.

Salfa iliyomo mfukoni haina asidi. Tunapuliza kuanzia Juni, mikorosho inapochipua na kutoa maua, na kiangazi chote unga unakaa juu ya majani, juu ya takataka za shambani na juu ya mchanga. Mvua za Novemba na Desemba zikishaanza, bakteria wa udongo wanapata unyevu na wanaanza kuigeuza salfa kuwa asidi ya salfuriki. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote hutoa asidi inayohitaji kilo tatu na kidogo za chokaa safi ili itulie. Mfuko wa kilo 25 kwa hiyo una deni la kilo 78 za chokaa nyuma yake. Lori linaloleta salfa kijijini linajulikana na kila mtoto. Lori la chokaa halina ratiba.

Sasa linganisheni. Wanasayansi wa Skandinavia walipokaa miaka ya 1980 kutafuta ni kiasi gani cha salfa kutoka angani ardhi yao dhaifu kabisa, ile yenye udongo mwembamba juu ya mwamba wa matale, inaweza kupokea bila kuharibika, walifika kwenye kilo 3 hadi 5 kwa hekta kwa mwaka. Sisi tuna kilo 86, na hatuna bomba hata moja la moshi tunaloweza kulinyooshea kidole. Bomba letu tunalibeba mgongoni.

Naomba asitokee mtu akachukua namba hizi mbili akakimbia nazo redioni kusema kusini imekwisha. Hazilinganishwi moja kwa moja. Sehemu ya salfa yetu inapeperuka na kuanguka kwa jirani au msituni. Sehemu haigeuki mwaka huohuo. Udongo wetu hauna sura ya ule wa Norwe, na mkorosho si msonobari. Ndiyo sababu naandika barua hii: kati ya kilo zinazopulizwa na madhara yanayoonekana kuna njia ndefu, na kazi ya modeli ni kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua kwa hesabu, ili tusibaki na wawili wanaobishana, mmoja akisema salfa ni sumu na mwenzake akisema salfa ni baraka.

Na baraka ni kweli. Mzee yeyote wa Tandahimba anaikumbuka miaka ya 1970, nchi ilipofikisha karibu tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, na anakumbuka jinsi zilivyoshuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei mbovu ilikuwepo, watu kuhamishiwa vijijini na kuyaacha mashamba kulikuwepo, lakini ubwiriunga nao ulikuwa umeingia, ukikausha maua kabla hayajashika. Salfa ndiyo iliyoturudisha shambani. Watoto wetu wamesoma kwa salfa. Atakayeniita adui wa salfa asome aya hii mara mbili.

Shida ni kwamba shahidi tunayemtegemea ni mkorosho, na mkorosho ni mvumilivu kupita kiasi. Mizizi yake inakwenda chini sana, na mti wenyewe unahimili udongo wenye asidi ambao mazao mengine hayauwezi. Mihogo nayo ni migumu vilevile. Kwa hiyo mtu akiangalia tani za ghalani na takwimu za mnada, haoni kitu. Wa kuulizwa ni mama anayepanda karanga, kunde na mahindi katikati ya mikorosho. Karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kupitia ganda lake likiwa ardhini. Kalsiamu ikipungua, unang'oa shina zuri lenye maganda mengi, ukiminya unakuta hewa. Utafiti uliofanyika kusini miaka ya 1990 ulikwishaonyesha kuwa salfa inayopulizwa kwenye mikorosho inashusha pH ya udongo (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imepanda), na kwamba udongo wa kichanga ndio unaoathirika upesi. Na Newala na Tandahimba, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, tuna nini kama si mchanga?

Naomba nikae kidogo kwenye pH, kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyika. Kwanza, kutoka 6 kwenda 5 si kushuka ngazi moja. Asidi imeongezeka mara kumi. Pili, na hili ndilo kubwa, pH haishuki polepole kwa kufuatana na salfa unayoweka. Udongo una akiba yake ya kalsiamu, magnesiamu na potasiamu iliyoshikiliwa na chembe za mfinyanzi na mboji, na akiba hiyo ni kama kibubu: kila asidi inapoingia, kibubu kinatoa sarafu, na kwa nje hakionyeshi kama kimejaa au kimebaki na sarafu mbili. Miaka inapita, kipimo cha pH kinasoma vizuri, bwana shamba anaandika "hali ni nzuri". Akiba ikiisha, pH inaporomoka ndani ya misimu michache, na ikifika chini ya 5 hivi, aluminiamu iliyokuwa imejifunga kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi michanga. Anayepima pH peke yake anapata habari wakati kibubu kimeshavunjwa.

Modeli inafanya kazi ya kuhesabu kilichomo kibubuni. Inaandika kila kinachoingia: salfa, naitrojeni, chumvi ya bahari inayokuja na upepo, vumbi, majivu ya moto wa kiangazi, kalsiamu inayotolewa na mawe yanayomong'onyoka. Inaandika kila kinachotoka: kinachovunwa, kinachochujwa na mvua kwenda chini, kinachomezwa na mizizi. Halafu inajibu maswali mawili. Swali la kwanza ni kikomo: ardhi hii inaweza kupokea kiasi gani kila mwaka, daima, bila akiba yake kuisha? Wataalamu wanakiita mzigo wa kikomo. Swali la pili ni muda: kama tumeshavuka kikomo, tuna miaka mingapi kabla mambo hayajaharibika, na tukipunguza leo, itachukua miaka mingapi ardhi kupona? Modeli ya kujibu swali la pili, iitwayo MAGIC, ilichapishwa na Bernard Cosby na wenzake mwaka 1985 huko Marekani, na imetumika Ulaya na Amerika kukisia maji ya vijito na maziwa yatakavyokuwa miongo kadhaa mbele.

Kwa nini mtawala ajali hesabu za namna hii? Itazameni Ulaya. Mwaka 1967 Msweden Svante Odén aliandika gazetini kwamba mvua yenye asidi inayoua samaki kwao inatoka nchi nyingine. Mwaka 1979 nchi zikasaini mkataba wa uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka, Geneva. Mwaka 1985, Helsinki, zikakubaliana kila moja ipunguze salfa kwa asilimia 30, sawa kwa sawa, kana kwamba ardhi zote ni moja. Ni mwaka 1994, Oslo, ndipo walipokaa na ramani za mizigo ya kikomo na modeli iitwayo RAINS, iliyotengenezwa Austria, wakagawana kazi kwa kuangalia salfa ya nani inaangukia ardhi dhaifu ya nani, na wapi kupunguza kunagharimu kidogo zaidi. Kila nchi ikatoka na kiwango chake.

Hapo ndipo pa kwetu. Ushauri wa gramu 250 unafaa nini ukiwa mmoja kwa mchanga wa Tandahimba na kwa udongo mwekundu mzito wa Nachingwea? Kila tunapotoa agizo moja kwa kanda nzima tunarudia Helsinki ya 1985.

(Na kwa kuwa nimeitaja Nachingwea: wazee wetu wameshaona kilimo cha kupangwa bila kuuliza udongo. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walimwaga mamilioni ya pauni kwenye mpango wa karanga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ndipo wakagundua kwamba ardhi na mvua havikusoma mpango wao. Reli iling'olewa. Bandari angalau imebaki.)

Lakini msiagize modeli ya Ulaya mkaibandika hapa kama ilivyo. Mambo mawili yatawapotosha. La kwanza, modeli nyingi za kaskazini zinategemea mawe yanayomong'onyoka na kuilisha ardhi kalsiamu mpya. Mchanga wa uwanda wa Makonde ni kwazi iliyooshwa kwa miaka isiyohesabika. Haina cha kutoa. Akiba yetu iko kwenye inchi chache za juu zenye mboji, na kila anayechoma shamba anaipunguza. La pili linakwenda upande mwingine. Udongo mwekundu una oksidi nyingi za chuma na aluminiamu, na hizo hukamata salfeti, yaani salfa iliyokwisha kugeuka na kuyeyuka majini, na kuishikilia. Salfeti iliyoshikwa haiteremki, na isipoteremka haiondoki na kalsiamu. Kwa hiyo kuna mashamba ambayo yamekingwa kwa miaka mingi na ukamataji huo, na yataonekana mazima kabisa hadi siku nafasi zitakapojaa. Modeli isiyolijua hili itatutisha mapema mahali pengine na kutulaza usingizi mahali pengine.

Halafu kuna upepo. Huku hatuhitaji kufundishwa kusi na kaskazi. Kusi linavuma kutoka baharini miezi ileile tunayopuliza, kwa hiyo unga unaoponyoka kwenye mikorosho unasukumwa kwenda bara na kaskazini-magharibi, mchana kuliko usiku, na ndiyo maana mpulizaji anayeijua kazi anamaliza kabla jua halijapanda. Kuna nini upande huo? Kuna vichaka vya Makonde, kuna miombo ambayo miti yake inaishi kwa kushirikiana na kuvu wa mizizini, na salfa, tusisahau, kazi yake ni kuua kuvu. Mkoani Lindi kuna msitu wa Rondo wenye komba mdogo aliyepewa jina la msitu huo, anayepatikana kwenye masalia machache ya misitu ya pwani ya Tanzania na kwingine kokote duniani hakuna. Modeli ya upepo itasema ni kiasi gani cha salfa kinafika huko, na kama ni kidogo sana, vizuri, tutalala. Tuambiwe tu.

Maji nayo. Watu wa uwandani tunakunywa maji yanayosukumwa kutoka bonde la Mitema, Kitangari. Mvua ya uwandani huzama mchangani na kuteremka kuelekea mabondeni. Salfeti na aluminiamu vikiteremka, vitateremka humohumo. Kupima maji ya Mitema kwa salfeti, kalsiamu na aluminiamu mara nne kwa mwaka ni kazi ya chupa na lebo.

Nimeongea salfa ya shambani kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayonigusa, lakini modeli ikishakuwepo itahudumia na mengine yanayokuja. Gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, 1982, haina tatizo kubwa la salfa; ikichomwa, cha kuangalia ni oksidi za naitrojeni, ambazo nazo huishia kuwa asidi. Makaa ya mawe ndiyo habari nyingine. Kila tani ya makaa yenye salfa asilimia moja ikichomwa inatoa kilo 20 hivi za dioksidi ya salfa, na hiyo, tofauti na unga wetu, inaweza kusafiri mamia ya kilomita kabla ya kuanguka. Makaa ya Ruvuma yanapita barabara zetu kwenda bandarini na mengine yanachomwa kanda hiihii. Meli zenyewe angalau zilibanwa: tangu Januari 1, 2020 mafuta yao hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.50 ya salfa, badala ya 3.50 ya zamani. Vumbi la saruji, kwa upande wake, ni la alkali, na huenda linatuliza asidi ya mashamba yaliyo karibu huku likichafua mabati ya watu. Modeli haina upendeleo. Italiandika upande wa faida.

Kinachonisumbua kwenye tathmini za athari kwa mazingira ni kwamba kila mradi unapimwa peke yake. Huyu anasema moshi wangu ni mdogo, yule anasema wangu nao mdogo, na wakulima laki kadhaa wenye mabomba mgongoni hawaulizwi kabisa kwa kuwa wao si mradi. Udongo unapokea jumla. Mwaka 2008 nchi za kusini mwa Afrika zilikubaliana Lusaka, na za Afrika Mashariki zikakubaliana Nairobi, kushirikiana kupunguza uchafuzi wa hewa. Sisi tuko kwenye kanda zote mbili. Tungefaa kuwa wa kwanza kuwa na ramani.

Ninachoomba hakihitaji mtambo wala ujumbe wa kwenda Ulaya. Rudini kwenye mashamba yaliyochukuliwa sampuli miaka ya 1990, mchimbe tena palepale, kwa kina kilekile: chini ya mti, katikati ya mistari, na kwenye pori la jirani ambalo halijapulizwa. Pimeni pH, sawa, lakini pimeni na kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, aluminiamu na salfeti iliyokamatwa. Hakuna kipimo chenye thamani kuliko hicho, kwa sababu modeli isiyoweza kueleza yaliyotokea miaka 30 iliyopita haina haki ya kutuambia ya miaka 30 ijayo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wapo, wanaijua korosho na wanaujua udongo huu. Kwenye vyuo vikuu vya Sokoine na Dar es Salaam kuna vijana wa hisabati na sayansi ya udongo wanaotafuta mada ya shahada. Wapeni orodha za ugawaji wa pembejeo, kijiji kwa kijiji, kwani hizo ndizo takwimu za uzalishaji wa uchafuzi ambazo Ulaya walihangaika kuzipata na sisi tunazo tayari kwenye kompyuta. Wekeni vyombo vya kukinga mvua Naliendele, Newala, Nachingwea na Rondo, na mtu wa kuvimwaga na kuvisafisha kwa wakati, maana chombo chenye kinyesi cha ndege kinatoa majibu ya ndege.

Na wakati modeli inatengenezwa, chokaa isisubiri. Miamba ya chokaa iko hapahapa mkoani, ndiyo inayosagwa kutengeneza saruji. Chokaa ya kilimo haitaki tanuri, inataka kusagwa tu. Kwa ekari iliyopulizwa kikamilifu, deni la juu kabisa la mwaka ni kilo 109 hivi. Anzeni na mashamba ya kichanga ambako kina mama wanapanda karanga, na msimwage kwa kukisia, kwa sababu chokaa ikizidi kwenye mchanga nayo inafunga zinki na madini mengine madogo. Viuatilifu vya maji vinavyochukua nafasi ya salfa navyo viingizwe kwenye hesabu, vipimwe kwa madhara yao wenyewe, visipewe cheti cha usafi kwa sababu tu havina harufu.

Wapulizaji wetu, vijana wanaofunga kitambaa puani na kutoka na macho mekundu, wanastahili barua yao peke yake. Nitaiandika.

Salfa ya msimu ujao itaanza kushushwa maghalani miezi michache kutoka sasa. Sampuli za udongo zichukuliwe kabla ya hapo, mwishoni mwa mvua, ili tupate msingi wa mwaka. Shamba langu lina mikorosho iliyopulizwa tangu ikiwa midogo, na pembeni yake kuna kichaka cha marehemu baba ambacho hakijawahi kuguswa na bomba. Atakayekuja na kekee ya udongo aje asubuhi, nitamwonyesha mpaka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa korosho na mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara